Breki ya Mama

Bwana asifiwe! Asifiwe tena kwa nguvu, maana leo mngekuwa mnanichangia jeneza, na badala yake nimesimama hapa mbele yenu na kitenge kipya!

Ndugu zangu, wengi mnanifahamu, ni Nesi Nyanjura wa hapa hapa Kabasa. Naishi na mama yangu mzazi, yule pale benchi la pili. Ni mjane, miguu inamvimba, na presha yake inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Nilipokuwaga nafanya kazi hapa Bunda hatukuwa na shida. Kisha nikahamishiwa Butiama.

Niliteseka, ndugu zangu! Natoka kuku bado wamelala, nabadilisha usafiri njiani, mvua ikinyesha nafika nimelowa kama sato aliyetolewa ziwani sasa hivi. Bosi wangu alinivumilia sana, mwisho akaniambia nihamie Butiama au nitafute kazi nyingine. Nikambembeleza mama tuhame wote. Akakataa katakata. Baba amezikwa nyuma ya nyumba yetu na yeye hamwachi. Halafu akasema neno lililonichoma moyo.

"Nenda wewe, Nyanjura. Mimi ni mzigo tu."

Nililia siku ile. Nikamwambia Mungu, Baba, nipe gari, hata liwe baya namna gani, bora asubuhi liwake.

Basi nikaanza kutafuta. Magari yale wanayoyapenda watu, bei yake ilinishinda mapema. Niliyoyaweza, moja lilikuwa linavuja kila mahali, jingine ukikaa ndani unaiona lami kupitia sakafuni. Nikafika Musoma, pale Iringo, kwa Baba Shamsa, Mwislamu mmoja mcha Mungu anayeuza magari yaliyotumika. Uani kwake palikuwa na kigari cha njano kilichokuwa cha chuo cha udereva. Injini safi, halinywi mafuta, bei ya chini. Nikamuuliza, hili lina ugonjwa gani? Akafungua mlango wa kushoto akanionyesha breki ya pili, ile ya mwalimu, iko chini ya miguu ya abiria. Watu wanalikimbia kwa sababu hiyo, akasema, lakini fundi yeyote anaweza kuing'oa. Nikamwambia nitaing'oa nikishapata pumzi.

Mlinicheka, ndugu zangu! Semeni amina, mlinicheka. Mkalibatiza Mwanafunzi. Huko barabarani hata madereva wa malori walinipisha wakidhani najifunza, nikawa napita kama waziri. Lakini kazini nikawa nawahi, na jioni nakula ugali na mama yangu.

Shida ikaja siku za kliniki, mama ninapomchukua kwenda naye Butiama. Anakaa kushoto. Akiona mbuzi, breki! Akiona mtu na ndoo kichwani, breki! Kuna siku mbwa amelala zake kivulini, hana habari na sisi, breki! Nilichoka. Nikamwambia, mama, kuanzia leo ukipanda gari hili unakunja miguu. Akakunja, amenuna. Na fundi nikamwahidi kwamba Jumamosi namletea gari aing'oe hiyo breki.

Jumamosi haijafika, tukawa tunashuka mteremko karibu na Butiama, mimi na mama. Sasa mimi nikiendeshaga navaa kandambili, viatu vya kazini naviweka pembeni visichakae. Kandambili ikajikunja, ikanasa kwenye pedali ya mafuta, na mguu wangu umo. Navuta, hautoki. Gari linazidi kukimbia. Mguu wa kushoto nao ulisahau kama ni wangu. Mbele yetu ng'ombe wanavuka, kundi zima, na pembeni ni korongo.

Nikapiga kelele, "Yesu!"

Ndugu zangu, Yesu aliitika, na aliitika kwa mguu wa mama yangu! Ule ule unaovimba! Ulikunjuka kutoka pale nilipouamuru ukunjwe, ukakanyaga breki mpaka chini. Gari likalia, likatetemeka, likazima. Ng'ombe mmoja akaja hadi dirishani kwangu akawa ananitazama tu.

Mama akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa nikunje tena?"

Nilicheka huku nalia. Niliinama nikaukumbatia ule mguu. Jumamosi nilimpelekea fundi gari kweli, lakini nilimwambia aikaze breki ya mama, isije ikalegea.

Tangu siku ile, neno mzigo halijasikika tena nyumbani kwetu. Mimi nilimwomba Mungu gari ili nimtunze mama. Kumbe yeye ndani ya gari hilo hilo alishaandaa namna ya mama kunitunza mimi. Asante Yesu! Na wewe ndugu yangu uliyekaa hapo, uliyeomba kitu kizima ukapewa chenye kasoro, usinune. Kipokee. Mtumaini Bwana, usikimbilie kwa fundi, huenda kasoro hiyo ndiyo jibu lako lenyewe.

Na wale mliotuona asubuhi tukiingia hapa kwa kushtukashtuka, msiwe na wasiwasi. Kulikuwa na kuku getini.

Mama, simama watu wakuone. Polepole, mama, hiyo miguu tunaihitaji kurudi nayo nyumbani.