Njiwa wa Refik Wako Wapi?

Bisha ukitaka, lakini aliyemwokoa Refik si daktari. Ni mimi, Nermin, niliyeiaga shule kabla ya cheti. Kijiwe chetu hapa Breza, mji wa migodi wa Bosnia, ni benchi moja mbele ya duka la mkate: birika la shaba katikati, donge la sukari mdomoni, kelele mpaka mchana. Yupo Ibro Masharubu, mchimba makaa mstaafu, na Hasib Redio, asiyezimika. Nafasi ya tatu ni ya Refik, mfuga njiwa. Ilikuwa tupu kwa wiki ya tatu sasa.

— Upepo huo, akasema Masharubu. Analala dirisha wazi, mlango wazi. Umempiga kichwani.

— Upepo gani unamzuia mtu kunyoa? Redio akamrukia. Mkewe anasema anaamka saa tisa usiku, anakodolea dari. Hata bureki, mkate wa kukunja wenye nyama, haigusi!

— Basi ni upepo mkali.

— Ni hofu, mzee. Aende kwa bibi Fadila, mganga wa mtaa, amyeyushie risasi kwenye bakuli la maji, hofu itoke.

— Wa kuyeyushwa ni wewe. Uvivu tu huo, mpe koleo.

— Refik mvivu? Aliyetoboa mlima miaka thelathini?

Nikatia yangu:

— Minara ya simu, jamani. Inawavuruga njiwa, njiwa wanamvuruga mwenyewe.

— Dogo, Masharubu akanicheka, uliacha shule au shule ndiyo ilikuacha?

Senija, nesi mpya wa zahanati, alikuwa anatoka dukani na mkate wake. Akasimama.

— Hafurahii chochote, kachoka bila kazi, halali, hali, na hii ni wiki ya tatu?

— Ndiyo, binti yangu.

— Huo ni ugonjwa, wazee wangu. Unaitwa sonona, na unatibika. Hao njiwa wake wako wapi sasa?

Nikainuka mpaka kahawa ikamwagika.

— Twendeni kwake. Sasa hivi!

Tulimkuta jikoni, kainamia meza. Senija akavuta kiti, akamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Nilidhani atamfukuza. Refik akaitikia kwa kichwa, kisha akalia kama mtu aliyetuliwa gunia la makaa. Hatukumwacha peke yake hata dakika moja mpaka akafika kwa daktari.

Daktari akamweleza: wengine hutosheka na mazungumzo na mtaalamu kila wiki, wengine humeza vidonge. Kwa hali yake, vyote viwili. Wakachagua pamoja.

— Vidonge si vya vichaa? Masharubu akanong'ona.

— Na vyako vya mapafu, mzee? Senija akamjibu. Nani kakuita kichaa? Hivi vinataka wiki kadhaa, ndipo vishike. Msimwambie aache njiani.

Wiki ya saba ya matibabu Refik karudi benchini, kanyoa, analalamika kahawa nyepesi. Tangu siku hiyo mtaa mzima unanisifu: Nermin alinusa hatari!

Haya, nimalizie. Sikunusa kitu. Njiwa walikuwa kwangu. Siku nne kabla ya Senija kuuliza, Refik aliniletea wote kumi na mmoja, pamoja na yule mweupe ambaye Refik alikataa kumuuza maisha yake yote.

— Chukua, Nermin. Mimi sitawahitaji tena.

Nikamshukuru, nikafunga mlango upesi, asije akabadili mawazo.