Kurasa Nilizozibana kwa Stepla

Akina mama wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Naona mmeshaanza kucheka. Mwalimu akisimama mnadhani anaita majina.

Nafundisha sayansi darasa la saba, hapa Huruma. Mwaka juzi nilipofika sura ya uzazi, nilizibana zile kurasa katika vitabu vya wanafunzi kwa stepla. Ndiyo, mimi! Kwetu magharibi mwa nchi mambo hayo ni ya nyanya na wajukuu wake, na niliona haya mbele ya wavulana. Lakini ukimwi nilifundisha kwa sauti yote: damu, ugonjwa, kifo. Nikajiona nimemaliza kazi.

Msichana mmoja, mwerevu kuliko wote, akakosa shule wiki nzima. Nikamfuata kwao Kariobangi. Nilimkuta amejifunika blanketi, jua linawaka. Akaninong'oneza, "Mwalimu, nina ukimwi. Nimetokwa na damu. Usimwambie mama." Ndugu zangu, nawaambia, mtoto alikuwa ameshawagawia wadogo zake madaftari yake!

Nikamkumbatia. "Wewe si mgonjwa," nikamwambia. "Unakua tu." Nilimweleza yote pale kitandani, na aibu niliyoisikia siku hiyo sijaisahau.

Mama yake aliporudi kutoka sokoni nikamweleza, akashika kichwa. "Mwalimu, si nilidhani umemfundisha! Nyanya yake yuko ushago, huko kijijini, nani mwingine angemwambia?" Kumbe nami nilikuwa nikimngojea yeye mama amwambie. Tukatazamana, tukacheka huku tukilia.

Kesho yake niling'oa zile pini mbele ya darasa, nikawaomba msamaha. Wavulana walicheka, nikaendelea. Hedhi, mimba, jinsi ukimwi unavyoambukizwa na usivyoambukizwa. Msichana wangu alikuwa dawati la mbele, na ndiye aliyeuliza swali la kwanza.

Wazazi fulani walinishtaki kwa mwalimu mkuu kwamba naharibu watoto. Nilidhani nitafutwa kazi. Aliyekuja kunitetea ni yule mama wa msichana, akiwa na aproni yake ya sokoni. Namshukuru sana. Namshukuru mwalimu mkuu aliyemsikiliza, na ninyi mlioniletea pedi za wasichana.

Msimngojee mtu mwingine awaambie wanenu. Na makofi ngojeni kwanza. Watoto wa watu nimewafundisha, lakini wangu wa miaka kumi na mmoja, kila nikianza, naishia kumtuma sukari dukani. Leo sukari ipo. Nikitoka hapa naenda kumwambia.