Bi Mwanaharusi na Kombe wa Jedwali la Saba

Bi Mwanaharusi Salum Muzamil amestaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya takwimu za samaki na viumbe wa majini hapa Musoma kwa miaka thelathini na miwili na miezi kumi na mmoja kasoro siku tatu. Siku hizo tatu tumezitaja kwa sababu yeye mwenyewe asingekubali ziachwe.

Mama Raya, kama tunavyomwita wote, alizaliwa Iringo, binti wa fundi cherehani. Alianza kazi Agosti 1992 akiwa karani wa takwimu na ameondoka akiwa mkuu wa kitengo cha kumbukumbu. Amepima sato na sangara kwenye mialo yote ya Bunda, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na amekagua mabwawa ya samaki ya Butiama hadi Mwitongo, mengine akiyafikia kwa miguu matope yakimfika magotini. Wavuvi walikuwa wakimwona kwa mbali wanaambiana, "Mama Mizani huyo! Wadogo warudisheni majini." Hakuna kampeni ya ofisi yetu iliyookoa samaki wachanga wengi kuliko kofia yake ya ukindu.

Lakini jina lake litakumbukwa zaidi kwa kiumbe ambaye hakumpima hata siku moja.

Fomu yetu ya robo mwaka ni moja kwa nchi nzima, ya pwani na ya ziwani. Jedwali la Saba linahusu kombe wa pwani, yule kiumbe wa baharini anayeishi ndani ya gamba. Mwaka ule wa 1992, mkuu wa wakati huo alipitia orodha ya watumishi akitafuta wa kumkabidhi jedwali hilo, akafika kwenye jina la Mwanaharusi, akasema, "Huyu hapa mtu wa pwani." Mama Raya wakati huo hakuwa amewahi kuvuka Bunda. Alijibu, "Sawa, mkuu." Ni jibu ambalo sisi watumishi wapya tunalielewa vizuri.

Asingejaza kitu asichokijua, kwa hiyo alimfuata mwalimu mmoja wa baiolojia wa Nyegina, akakaa naye Jumamosi nne. Alirudi akimjua kombe kama mtu anavyomjua jirani. Gamba lake ni nene na zito, nusu mbili zilizotuna, kila moja ina mistari iliyoinuka karibu arobaini, inayoanzia kileleni na kushuka hadi ukingoni. Kwa nje lina ngozi ya kahawia yenye manyoya manyoya, na kwa ndani ni jeupe kama kikombe cha chai, lisilong'aa. Pale nusu mbili zinapoungana pamenyooka, na pana vijino vidogo vingi kama vya kitana. Kombe huyo hukaa kwenye mchanga wenye tope, katikati ya majani ya bahari, nusu amejifukia, mahali ambapo maji huja na kuondoka, yaani hujaa na kupwa, kila siku. Maji hayo ni ya chumvi.

Baada ya kujifunza hayo yote, Mama Raya aliandika kwenye Jedwali la Saba neno moja: "Hakuna." Ameliandika mara mia moja thelathini na moja. Mwaka 1998 aliwaandikia wa juu kuomba jedwali hilo liondolewe kwa ofisi za ziwani. Jibu lilifika 2007, likieleza kwa heshima kwamba jedwali haliwezi kuondolewa mpaka taarifa zake zikamilike.

Mwaka jana tulimpata mkuu mpya, Bwana Boniphace Kija, ambaye ametuletea maendeleo mengi, likiwemo lile bango la kielektroniki la mapokezi linaloonyesha kila jedwali kwa rangi. Lililojazwa idadi huwa kijani, na lisilo na idadi huwa jekundu. Ofisi nzima ilikuwa kijani isipokuwa kombe. Mkuu alikuwa akitegemea wageni wa ukaguzi mwezi wa saba, na ni haki yake kutaka wageni waone kijani.

Alimwita Mama Raya kwa upole. "Mama, wewe unaandikaga hakuna, hakuna, miaka thelathini! Hata kumi tu hawapatikani?"

"Kumi wa wapi, baba?"

"Ziwa lote hili, mama!"

Kesho yake Mkuu alimtuma dereva wetu, Burito, mwaloni Bunda. Alirudi na ndoo ya makombe ya ziwani. Mama Raya aliyapanga mezani bila kukasirika, akatuita tuangalie. Magamba yalikuwa membamba, laini kwa nje, na ndani yanang'aa kama lulu. Mistari arobaini haikuwepo, wala vijino vya kitana.

"Mama, tukiyasugua na msumari si yatapata mistari?" Burito aliuliza.

"Na manyoya utayatoa wapi, Burito? Kwenye kidevu chako?"

Tulicheka wote, isipokuwa Mkuu, ambaye alikuwa na majukumu. Siku ya pili ilitoka barua fupi kwamba hati ya makabidhiano ya Bi Mwanaharusi itasainiwa Jedwali la Saba litakapokuwa na idadi. Bila hati hiyo, mtumishi hahesabiwi kuwa ameondoka. Wengi wetu tulimshauri aandike kumi, aende nyumbani akapumzike. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa mmoja wa walioshauri hivyo, na anaomba radhi.

Tarehe 30 Juni, saa nne asubuhi, Mama Raya aliingia ofisini kwa Mkuu akiwa na fomu. Tunaandika yaliyotokea kwa sababu Mkuu mwenyewe amekuwa akiyasimulia kwa wageni. Mama Raya aliweka fomu mezani na kalamu juu yake, akasema, "Andika wewe, mkuu wangu. Mimi nitashika karatasi, feni isiipeperushe."

Mkuu aliandika kumi. Ndipo alipoona kwamba jedwali lina safu kumi na mbili, na ukishaweka idadi, zote zilizobaki zinadai majibu. Urefu wa kila gamba. Mistari mingapi. Kina cha tope. Kiwango cha chumvi. Alijaza urefu. Alijaza mistari, arobaini kwa kila mmoja. Kwenye chumvi alisita kidogo, akaweka "wastani". Akafika safu ya kumi na mbili, ya saa za maji kujaa na kupwa, akainua kichwa.

"Mama, Musoma maji kupwa ni saa ngapi?"

Mama Raya aligeukia dirishani. Nje ziwa lilikuwa pale pale lilipokuwa jana yake.

Mkuu aliomba fomu nyingine safi. Aliandika "Hakuna" kwa mkono wake, akagonga muhuri, kisha akasaini hati ya makabidhiano. Kabla ya saa sita ripoti ilikuwa imekwenda. Bango la mapokezi sasa limegeuzwa kuelekea ukutani, kwa ajili ya kuepuka mwanga wa jua, na mapokezi yamependeza.

Mama Raya, tunakushukuru kwa samaki uliowapima na kwa yule uliyekataa kumpima. Jedwali la Saba limekabidhiwa kwa karani mdogo kuliko wote, na ripoti ijayo ni ya Septemba. Karani huyo alidhani mkuu akikunja uso jengo huanguka. Siku ile alisimama mlangoni na faili mkononi akalisubiri lianguke, mpaka saa ya chakula ikafika na watu wakaenda kula.

Mungu akupe afya njema na umri mrefu pale Iringo, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na wajukuu wasiochoka kukuuliza maswali.