Mti wa Ng'ambo: Kumuaga Bi. Levina Mayala

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Levina Mayala atakabidhi ufunguo wa kitalu chetu cha miche baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na mmoja.

Anastaafu kwa sababu faili lake linasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1965. Marehemu mama yake, kule Puge, alikuwa akisema binti huyu alizaliwa wakati wa palizi, mvua zikinyesha, mwaka uliofuata. Karani wa shule hakuwa na muda wa habari za palizi, akamwandikia tarehe ileile aliyowaandikia watoto wote wa darasa. Ndiyo maana anatuacha kiangazi kikianza, miezi mitano kabla ya mvua. Mwaka mwingine wowote ningecheka.

Mimi ni Najiat Sadiki, karani wa kitalu. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilimuuliza nani amwandikie wasifu, akanitaja mimi. Nimeambiwa niandike kwa uchangamfu, na nitajitahidi.

Alipoajiriwa mwaka 1994 alikuwa mwanamke pekee kati ya vibarua saba, na kazi yake ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Baada ya miaka minne alikuwa msimamizi wao. Miarobaini na mijohoro mingi inayowapa kivuli watu wa mji huu ilipita mikononi mwake. Wageni wakija Tabora hupiga picha miembe ya njia ya misafara iliyokwenda Ujiji. Ya Levina haipigwi picha na mtu, watu wanaegesha tu pikipiki chini yake.

Kuna mgeni rasmi mmoja, simtaji, aliyepanda mche pamoja na kiriba chake. Watu wakapiga makofi. Magari yalipoondoka, Levina aliufukua, akauvua kiriba, akaupanda upya. Mti huo sasa umepita paa, na mgeni wetu bado huwasimulia watu kwamba ana mkono wa kupanda. Levina anapomsikia hutafuna michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kutazama pembeni.

Lakini kazi yake kubwa ni utaratibu alioubuni kwenye kata ya Chemchem, ambao wakazi waliuita mti wa ng'ambo. Aliona kwamba mtu akipewa mti ulio mlangoni kwake, wiki ya tatu amechoka nao. Akageuza mambo: mti wa mlangoni kwako anautunza jirani wa upande wa pili wa barabara, nawe unautunza wa kwake. Ukiacha kumwagilia, mwenzako anakuona kila akifungua mlango. Mbuzi akisogelea, mtu wa ng'ambo ndiye anayemwona kwanza. Mitaa minne ilipata kivuli kwa watu kuoneana haya tu, na nyumba zilizokuwa hazisalimiani zikaanza kuulizana hali.

Desemba 2023 alileta utaratibu huo kwenye barabara yetu ya Mihogoni, ninakoishi. Tulipanda miche themanini na miwili, arobaini na mmoja kila upande. Alitusisitizia jambo moja, kwamba mche ukivuka kiangazi cha pili unajitegemea, na kabla ya hapo ni mtoto wa kunyonya.

Agosti 2024 mkandarasi alikuja kuchimba mtaro wa maji ya mvua upande wa mashariki. Miche yote ya upande huo iling'olewa asubuhi moja. Levina alifika na baiskeli akakuta imelazwa juu ya kifusi. Alikusanya iliyokuwa bado na mizizi, akairudisha kitaluni, na hakuna hata mmoja ulioshika.

Sisi wa mashariki tukaweka ndoo chini. Hakuna aliyeitisha mkutano, kila mmoja alijiambia tu kwamba mlangoni kwake kuna mtaro, kwa nini ahangaikie kivuli cha mwenzake. Kwa nyumba zetu zote arobaini na moja, aliyeendelea kuvuka barabara ni Fundi Abasi peke yake, mshona kanzu, ambaye magoti yake yana matatizo zaidi kuliko ya wengi wetu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akanijibu, "Mwanangu, mti haukuchimba mtaro." Niliingia ndani.

Wa magharibi nao wakaona aibu kujimwagilia wenyewe, wakisubiri sisi wa mashariki turudi kwenye zamu yetu. Kufikia Oktoba miti kumi na mmoja ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo Levina alipoanza kumwagilia thelathini iliyobaki, ukiacha ule mmoja wa Fundi Abasi. Kila jioni akitoka kazini alichota maji kwenye kisima cha msikiti, Mkristo huyu wa Kanisa la Moravian na madumu yake mawili, akasukuma baiskeli mti hadi mti. Alirudi kisimani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mti niliopewa mimi uko mlangoni kwa Mzee Modest, mkabala na dirisha langu. Alikuwa akiufikia karibu saa kumi na mbili. Nilikuwa nikifunga pazia.

Kila asubuhi tulikunywa chai pamoja ofisini. Aliniuliza habari za watoto, akanigawia michembe. Hakunitajia mti ule hata siku moja, nami sikumwomba radhi hata siku moja. Naona aibu kuandika haya kwenye karatasi ya sherehe, lakini wasifu wake bila haya ungekuwa uongo.

Nafasi yake haijapata mtu. Ndiyo hali, na maneno mazuri hayaibadilishi.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, hakutaka kitenge wala kochi. Aliomba ukurasa wa nyuma wa ratiba hii ya sherehe uwe na mistari thelathini, mmoja kwa kila mti, ili atakayekubali kuutunza mpaka mvua za Novemba aandike jina lake. Kamati ilizungusha ukurasa huo Mihogoni kwa wiki mbili. Wengi walisema watafikiria. Mmoja aliuliza kama kuna posho. Tunapopeleka ratiba kwa mchapaji, majina ni mawili, la Fundi Abasi na langu. Ishirini na minane ni mistari mitupu. Kalamu itakuwepo mezani siku ya sherehe.

Dada Levina, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako na watu wa Chemchem, asante kwa jasho lako na kwa kutuvumilia. Nenda Puge ukalime viazi vyako, na ujifunze kulala mchana kama wastaafu wengine. Mungu akupe afya na miaka mingi ya utulivu. Ningependa kukuahidi miti yote thelathini, ila unanifahamu vya kutosha. Nakuahidi ule wa kwa Mzee Modest. Jana jioni ulipoufikia ulikuta udongo umeshalowa. Ulisimama kidogo, ukatazama dirishani kwangu, kisha ukasukuma baiskeli kwenda mti unaofuata.