Mama Henriette na Mstari wa Malbec Nyuma ya Tanuri

Padri ameniomba nisome taratibu na nisiongeze maneno. Nitajaribu, Padri, ila nina habari moja inayoniwasha tangu juzi, na lazima niitoe hapa mbele ya jeneza.

Marehemu mama yetu, Henriette Castaing, alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1944 hapa Gauriac, katikati ya mavuno, mtoto pekee wa mzee Abel Castaing na Bi. Léonie. Mama yake aliacha mkasi kwenye mzabibu saa nne asubuhi, na saa nane mchana binti alikuwa ameshafika. Mzee Abel alimtazama, akasema, "Haya, mvunaji mwingine huyo," kisha akarudi shambani kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea.

Alisoma shule ya hapa kijijini na kupata cheti chake Juni 1958. Lakini somo lake kubwa alilipata Februari 1956, akiwa na miaka kumi na mmoja. Wazee mliopo mnaikumbuka baridi ile, mizabibu ilivyopasuka kama kuni. Mizabibu yote ya babu Abel ya zabibu nyeusi za Malbec ilikufa, isipokuwa mstari mmoja nyuma ya tanuri la mkate. Marehemu alikuwa amebeba mablanketi yote ya nyumba akafunika mashina yale arobaini na moja, bila kumwomba mtu ruhusa. Familia ililala na makoti wiki tatu. "Nilichapwa," alikuwa akisema, "lakini mstari ninao."

Tarehe 4 Juni 1966 alifunga ndoa na Firmin Lartigue, fundi mapipa wa Bourg. Baba alipokuja kuposa aliketishwa, akapewa glasi ya Malbec isiyochanganywa.

"Unaionaje?" marehemu akamuuliza.

"Kali. Lakini ina maneno."

"Basi ushanijua. Kamwone baba."

Walijaliwa watoto wawili, mimi Bertrand mwaka 1968, na Maylis mwaka 1972. Baba alitutoka mwaka 2009.

Babu alipofariki mwaka 1971, marehemu alishika ghala la mvinyo, na wanaume wa hapa walicheka mpaka wakapaliwa. Hawakucheka muda mrefu. Merlot ya udongo mzito wa juu, Cabernet ya changarawe ya huku chini, na Malbec kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga: alivichanganya kila Februari kwenye meza ya jikoni, na hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Siku moja alikuja mnunuzi kutoka Bordeaux, na tai yake, na kidaftari chake. Mama alimpa supu, akamwambia abakishe kidogo kwenye bakuli, akamimina mvinyo humo humo, kama wazee wa hapa wanavyokunywa. "Inua bakuli unywe, bwana." Yule bwana akasema hajazoea. "Utazoea sasa hivi. Mvinyo unaoogopa supu siuzi." Alikunywa, akaondoka na doa kwenye tai, akarudi miaka kumi na tisa mfululizo.

Sasa nije kwenye kesi yetu. Ule mstari nyuma ya tanuri mimi siupendi, na hapa nyote mnajua. Maua yake yanapukutika kabla hayajawa zabibu, na trekta haligeuki pale bila kukwangua ukuta. Mwaka 1998 nilimwambia tuung'oe. Akasema, "Sawa. Kila Februari nakupa glasi mbili, moja ina Malbec, moja haina, nawe hujui ipi ni ipi, uchague iliyo tamu zaidi. Siku utakayochagua isiyo nayo, nitaung'oa kwa mkono wangu." Maylis akawa mmiminaji. Jamani, miaka ishirini na sita nilichagua, na miaka ishirini na sita Maylis alisoma karatasi yake: "Yenye Malbec." Marehemu aliruka jikoni kama kafunga goli. "Mdomo wako una akili kuliko kichwa chako!" Maneno hayo niliyala kila mwaka pamoja na supu.

Moyo wake ulianza kuchoka Septemba iliyopita. Mavuno aliyafuata akiwa kwenye kiti, nyuma ya tanuri, akionja punje na kutukemea. Daktari alimkataza mvinyo, yeye akawa anaagiza supu "yenye rangi kidogo." Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 19 Februari 2024, saa sita mchana, dirisha likiwa wazi kuelekea mstari wake. Asubuhi hiyo aliniambia, "Jiandae, mwanangu. Mwaka huu unashindwa tena." Nikamwambia, "Tutaona, Mama." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya mwisho.

Jumatano, jikoni, nilimwambia Maylis mstari utabaki, maana mdomo wangu wenyewe umeuchagua miaka yote hiyo. Dada yangu akaanza kucheka huku analia.

"Kaka, glasi zote mbili zilikuwa sawa."

"Nini?"

"Zote zilikuwa na Malbec. Kila mwaka. Mama aliniapisha."

Nilikasirika, siwafichi. Miaka ishirini na sita nachezewa, na mama yangu mzazi! Nikampigia jirani yetu Anselme: lete trekta Jumatatu, tunang'oa. Maylis akaniomba nijaribu kihalali, hata mara moja. Alhamisi mchana tukaingia ghalani, Anselme akawa shahidi, na safari hii yeye ndiye aliyemimina. Nilionja, nikarudia, nikachagua glasi ya kushoto.

Ya kushoto haikuwa na Malbec.

Nimeshinda! Hiyo ndiyo habari yangu, nimemshinda Henriette Castaing! Nikageuka kwenye kile kiti chake cha mavuno, tulichokuwa tumekirudisha ghalani, ili nimtambie. Nilisimama pale na glasi mkononi, sikuwa na wa kumwambia. Anselme akauliza polepole, "Basi nije Jumatatu?" Sikumjibu. Namjibu sasa.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Bertrand, na mkewe Corinne. Mtoto wa kike, Maylis. Wajukuu watatu, Aurélien, Clémence na Guilhem. Na mstari mmoja wa Malbec, mashina arobaini na moja. Anselme, baki na trekta lako. Nimeshinda mechi moja tu, tena mpinzani wangu hakuwepo uwanjani. Februari ijayo tunarudiana, na glasi zote mbili nitazikagua mwenyewe.

Mama, pumzika kwa amani. Ila usidhani yameisha.