Sabuni Iliyotangulia Mangina

Sifa na utukufu ni kwa Bwana, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi wa Kimemi, na ninyi wa Bulengera mliopanda kilima kwa miguu, na ninyi vijana mliokuja kwa sababu mliambiwa kwamba leo kuna mama atakayefundisha namna ya kukuza biashara ndogo.

Mimi ni Kavira, mke wa mwalimu Kambale, mama wa watoto wanne. Natengeneza sabuni. Padri aliponiomba nisimame hapa, nilimwambia, "Padri, mimi sina masomo ya kufundisha, nina aibu tu." Akanijibu, "Basi, mama, leta hiyo aibu." Nimeileta. Nisikilizeni.

Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu wa Lubero. Alikuwa mkali! Mafuta ya mawese yapimwe kwa mizani. Soda kali, ile inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, nayo ipimwe kwa mizani, kwa sababu ikizidi inachoma ngozi. Sabuni ikiganda, ilale wiki nne kabla ya kuuzwa. Na kabla ya kuuza, lowesha kipande, jipake mkononi, upande wa ndani, ungoje. Kama mkono wako umekataa, hakuna mteja atakayekubali. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miaka mingi, kwa pipa moja, nyuma ya nyumba. Majirani walinunua, wakarudi.

Kazi ilipoongezeka kidogo nilimchukua Masika anisaidie. Masika ni mjane. Alikimbia kijiji chao upande wa Beni na watoto wawili na sufuria moja. Hasemi sana. Lakini mkono wake unajua sabuni kuliko wangu.

Kisha akaja Papa Kasereka, mfanyabiashara mwenye maduka Beni. Akachukua kipande, akanusa, akasema, "Mama Kavira, sabuni hii ni muzuri. Lakini wewe unacheza. Nipatie katoni mia moja kila mwezi."

Mia moja! Mimi nilikuwa natoa katoni sita! Ndugu zangu, nilivimba kichwa. Nilijibu ndiyo hapo hapo, nikiwa nimesimama, bila kumuuliza mume wangu, bila kumuuliza Masika, bila kumuuliza Mungu. Vijana, shikeni hili la kwanza: mtu akikuletea kazi kubwa, mwambie, "Nipe siku tatu nifikiri." Anayekutaka kweli atangoja. Nilinunua mapipa manne kwa siku moja, nikaita wanawake watano wasiojua kazi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwafundisha.

Mizani ikaharibika wiki ya pili. Nikasema, tutapima kwa kikombe, soda ni ile ile. Haikuwa ile ile! Ile ya zamani ilikuwa magamba mapana. Muuzaji wangu aliishiwa, akanipa nyingine ya chembe ndogo kama mtama. Kikombe cha chembe kinabeba soda nyingi kuliko kikombe cha magamba. Jambo dogo hivyo! Na zile wiki nne za kulala nikazifanya siku kumi, kwa sababu gari la Papa Kasereka lilikuwa linangoja.

Masika alinifuata kwenye pipa, akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vyekundu.

"Mama, hii sabuni iko inauma. Tusiipeleke."

"Mikono yako imezoea mashamba, sasa imekuwa laini?" nilimwambia. Wale wanawake wengine walicheka.

"Mama, ujipake kidogo tu. Njo vile shangazi yako alikufundisha."

"Masika! Mwenye kazi ni nani hapa? Ni mimi ao ni wewe?"

Alifunga katoni na wengine, na mimi sikujipaka. Nitawaambia ukweli mbele ya altare hii: sikujipaka kwa sababu niliogopa jibu. Moyo wangu ulikuwa unajua. Gari likapakia, likaondoka.

Siku tatu baadaye, Jumanne, saa moja ya asubuhi, jirani yangu Mama Kahindo alisukuma mlango wangu bila kubisha. Alikuwa amechukua kipande kimoja kwangu kwa ajili ya kufua. Mikono yake ilikuwa imefungwa kitambaa. Alipokifungua, ngozi kati ya vidole ilikuwa imetoka, nyekundu, inatoa maji.

"Kavira, umeniuzia nini?"

Nilichukua kipande, nikakilowesha, nikajipaka hatimaye. Sikufika kuhesabu hadi ishirini. Ulikuwa moto. Nikamtazama Masika. Alichota maji, akaanza kumwosha Mama Kahindo mikono polepole, kama mtu anayemwosha mtoto.

Nikampigia simu Papa Kasereka. Nikamwambia asiuze hata kipande kimoja. Alipiga kelele, na ilikuwa haki yake, lakini alinisikiliza. Katoni nyingi zilikuwa bado ghalani Beni. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Katoni tatu zilienda Mangina na gari ya asubui hii. Zilienda kwa maternite. Baliomba sabuni ya kuogesha batoto."

Ndugu zangu! Watoto wa siku moja! Watoto wa siku mbili! Mama Kahindo ni mwanamke wa jembe na ngozi yake ilitoka. Ngozi ya mtoto mchanga je?

Tulipiga simu kwa maternite hiyo, nyumba ya kuzalishia. Haikupita. Tukapiga tena. Haikupita. Papa Kasereka akajaribu mtu wake kule. Mtandao ulikuwa umekufa upande mzima wa Mangina. Mume wangu alishika ukingo wa mlango. "Barabara si nzuri wiki hii, Kavira," akasema. "Unajua habari za wenye silaha." Nilijua. Kila mtu hapa anajua. Nikamwambia, "Nisipoenda, nitaishi namna gani na wewe humu ndani?" Akaenda mwenyewe kumwita Muhindo, baba mmoja wa mtaa wetu anayebeba watu kwa pikipiki.

Muhindo hakuuliza sana. Tuliondoka na kile nilichovaa, kitambaa cha kichwa na sandali. Kutoka Butembo hadi Beni sikuomba kama mtu anayejua kuomba. Nilisema neno moja tu, kila kona, kila kilima: "Bwana, wacheleweshe. Bwana, wacheleweshe." Vumbi liliingia kinywani, nikalimeza na sala. Niliona gari lolote la mizigo mbele yetu nikasema ndilo lile, nikisahau kwamba lile lilitoka Beni, na tukilipita ni gari la ndizi, ni gari la mbao.

Tulipita Beni bila kusimama. Kwenye njia ya Mangina tukakuta kizuizi. Magari yalikuwa yamepanga mstari, watu wamekaa kwenye majani. Askari mmoja kijana, ambaye Kiswahili chake kilionyesha kwamba alitoka mbali magharibi, aliinua mkono.

"Mama, nzela ekangami! Njia imefungwa. Rudieni nyuma."

"Mwanangu, gari moja ya mizigo ilipita hapa asubui?"

"Ilipita kabla bafunge njia. Weye unatafuta nini ndani yake?"

Ndugu zangu, hapo shetani alikaa karibu nami. Aliniambia: sema unaenda kwa mgonjwa. Sema dada yako anazaa. Usiseme "sabuni mbaya," watakufunga, na jina lako litakufa Butembo na Beni siku moja. Na kweli, katika nchi yetu hii ambayo imeona magonjwa ya kuambukiza, ambapo watu wakisikia ngozi inatoka wanakimbia, neno kama hilo lingeweza kuniua mimi na nyumba yangu.

Nilisema, "Ndani yake kuna sabuni ya kuunguza batoto. Inaenda kwa maternite."

"Nani aliitengeneza?"

"Ni mimi mwenye nilitengeneza."

Watu waliokaa kwenye majani walisimama. Mmoja akasema, "Muloji!" Mchawi! Mwingine akaokota jiwe. Muhindo alisogea akasimama mbele yangu na pikipiki yake. Yule askari aliwageukia watu: "Nani anagusa huyu mama? Mutu wa kuficha hapana kuja mwenyewe." Akaenda kwa mkubwa wake. Niliona wanaongea, wananionyesha kidole. Jua lilikuwa linapanda. Kila dakika niliona beseni, maji, mkono wa mkunga, mtoto.

Alirudi. "Kuna magari yetu yanaenda. Mutafwata nyuma, karibu karibu. Hapana kusimama hata kama mama atakufa na kiu."

Tulifuata nyuma ya magari ya jeshi. Sitaeleza barabara ile. Mashamba mazuri ya kakao pande zote, na hakuna mtu shambani.

Tulipofika maternite nilishuka kabla pikipiki haijasimama, nikaanguka, nikainuka. Nilipita mlangoni bila salamu. Katoni zangu zilikuwa pale kwenye ukumbi. Moja ilikuwa imefunguliwa. Vipande viwili havikuwepo.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Mkunga mkubwa, mama mnene mwenye miwani, alitoka akanishika mabega.

"Mama, tulia. Unatafuta nani?"

"Sabuni! Vipande viwili viko wapi? Muliogesha batoto?"

Alinitazama kama mwenda wazimu. Kisha akasema kwa hasira, lakini si hasira kwangu:

"Tungebaogesha na nini? Tangu jana bomba hapana kutoa hata tone. Niko na bamama saba hapa, batoto saba, hakuna maji. Sabuni iko kwa beseni inangoja. Bale bamama baliamka wanalia, wananitukana mimi, juu ya maji!"

Nilikwenda kwenye beseni. Vipande viwili vilikuwa ndani. Vikavu! Vikavu, ndugu zangu! Kando yake wanawake walikuwa wanateremka na madumu kutoka kisimani. Maji ya kwanza yalikuwa yanaingia mlangoni, mimi nimeshika vipande vile mkononi!

Watu saba walikuwa wamelia usiku na asubuhi, wakisema Mungu amewasahau, hakuna maji. Na kukosa maji ndiko kulikowalinda watoto wao! Nilikaa chini kwenye sementi nikalia. Yule mkunga nilipomweleza, aliketi chini karibu nami na gauni lake jeupe. Kisha akaniambia, "Mungu amekuokoa. Sasa rudi kwenu usimwaibishe."

Ndiyo maana nilirudi na kusimama mbele ya nyumba yangu siku iliyofuata, nikasema kwa sauti: aliyenunua sabuni yangu mwezi huu airudishe, inaunguza, kosa ni langu. Wengine walinitukana. Mama mmoja alinitemea mate miguuni. Masika alisimama kando yangu tangu asubuhi hadi jua lilipozama, anapokea vipande, anahesabu katoni. Na nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya wale wale waliomcheka. Papa Kasereka alileta zote za Beni na zile tatu za Mangina. Tulichimba shimo mbali na mto, watu wakiona, tukafukia. Mama Kahindo nilimpeleka kwa daktari na nikamfulia nguo za nyumba yake hadi mikono ilipopona. Katika wale wanawake watano, wanne waliondoka. Papa Kasereka naye hakurudi kwa mwaka mzima.

Vijana, mnataka masomo? Nilirudi kwenye pipa moja. Nilinunua mizani kabla ya kununua kitu kingine chochote. Malighafi ikibadilika, hata kwa rangi tu, tunatengeneza kidogo kwanza na kujaribu kwenye mikono yetu. Kila pipa tunaweka kipande kimoja pembeni, tumeandika siku, ili mteja akilalamika tujue ni pipa gani na limekwenda wapi. Mtu mpya hashiki soda mpaka Masika aseme yuko tayari. Na kila anayefanya kazi kwangu, hata aliyeingia jana, ana ruhusa ya kusema "tusimame," na tunasimama, mimi wa kwanza. Tumekua tena, polepole. Leo ni mapipa matatu. Mwaka jana mtu alitaka tufanye kumi. Nilimwomba siku tatu. Siku ya tatu nilimwambia bado.

Namshukuru Mungu aliyefunga bomba la Mangina. Namshukuru aliyempa askari yule moyo. Namshukuru kwa Muhindo, kwa mume wangu, kwa mkunga.

Lakini sikuja kushukuru tu. Kuna mtu hapa leo, mwanaume au mwanamke, ambaye ana kitu dukani kwake na anajua si kizuri. Unga, dawa, mafuta, sijui. Unajua wewe na Mungu. Umekaa hapo unasema moyoni, bado hakuna aliyelalamika. Ndugu yangu, dada yangu, usingoje mlango wako usukumwe. Mtumaini Bwana leo. Ukweli hautakuua, mimi niliusema mbele ya mawe na bado niko hapa nimesimama. Kama unaogopa kwenda kuusema peke yako, nitakaa kwenye benchi ile ya mbele watu wakitoka. Njoo. Tutaenda wawili.