Jina Letu Kwenye Trela za Wengine

Rhoda, punguza hiyo mashine ya oksijeni, inanipigia mluzi kama birika na mimi nataka kusikika. Na wewe Galen, toka hapo mlangoni, maana mtu anayesimama mlangoni wakati baba yake anakufa huonekana kama amekuja kudai kodi. Kaeni, wanangu, mnitegee masikio. Nitasema mara moja, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia, na daktari amenipa hadi mahindi yavunwe, ingawa nikiyatazama kwa dirisha hili naona mahindi yana haraka kuliko daktari.

Nyumba hii ni ya Rhoda, aliyenilisha supu kwa kijiko bila kunicheka, au alicheka akiwa jikoni, sikumwona. Shamba la nyuma ni la Galen. Mifarishi aliyoshona mama yenu gawaneni, na atakayepandisha sauti apewe ule wenye doa la kahawa. Hayo ni mepesi. Kilichonifanya niwaite ni gereji, maana najua ile kampuni iliyonunua kiwanda chetu imewaletea mkataba wa kuinunua, najua Galen unataka kutia sahihi, najua Rhoda hutaki, na najua mmekuwa mkinong'onezana mkidhani mzee amelala. Mzee halali. Mzee anafumba macho ili mseme vizuri.

Gereji ni yangu mpaka nikate roho, kwa hiyo neno la gereji nitalisema mimi, lakini sikilizeni kwanza tulikotoka, hasa wewe Galen, uliyekuwa mdogo.

Kiwanda kile cha mjini Nappanee tulikijenga mimi na baba yenu mkubwa Ervin, tukaunda trela za kulala zenye jina letu, Ropp, ubavuni, zile nyumba za kukokotwa na gari ambazo mstaafu huuza kila kitu azinunue, ili aione nchi yake kabla hajafa. Tulikuwa na desturi moja ambayo wenye viwanda vya jirani walitucheka kwayo. Kila Ijumaa tulipiga kura, trela iliyoangukiwa na kura ikavutwa uani, mpira wa maji ukafunguliwa juu ya paa, na fundi aliyeziba paa hilo akalala humo na mkewe na watoto wake. Fundi anaweza kumdanganya bosi, anaweza kumdanganya mkaguzi wa serikali, lakini hebu amdanganye mke aliyedondokewa na maji puani usiku kucha.

Lovina, mke wa fundi wetu wa mapaa Mose Hochstetler, Mwamishi mwembamba mwenye kofia nyeupe, wa dhehebu lile linalokwenda kwa farasi badala ya gari, siku moja ya Jumatatu aliingia kiwandani na mfarishi umelowa chapachapa, akautandaza katikati ya mstari wa kuunganishia, trela isiweze kupita mbele wala nyuma. Akaniambia, "Bwana Weldon, mume wangu anasema paa lake ni zima. Sasa huu umelowa kwa maombi yake?" Wanaume wote wakaangua kicheko, Mose akajificha nyuma ya plaiwudi, na Lovina akavuta kigoda akaketi. "Mimi sina haraka," akasema, "nimekuja na ufumaji wangu." Kiwanda kizima kilisimama mpaka Mose alipolipata tundu, kando ya dirisha la hewa, dogo kiasi kwamba mende angelipita akiwa amejibana. Hakuna aliyefukuzwa. Mfarishi ulikauka, tukaendelea. Hivyo ndivyo jina la Ropp lilivyokuwa jina.

Halafu wakaja wenye mitaji, kutaka kukinunua kiwanda. Ervin alikuwa na sehemu kubwa, marehemu babu yenu alimpa kwa kuwa ni kifungua mimba, na alikuwa amechoka, magoti yamemwisha. Kijana aliyetumwa aliitwa Prescott, viatu vimechongoka utadhani anakwenda kudunga samaki. Alikaa kwenye meza ya Ervin, akala pai ya cheri vipande viwili, akaisifu mpaka mkewe Ervin, mama yenu mkubwa Fern, akamfungia kipande cha njiani. Ervin akamwambia, "Ninalo sharti moja, kijana. Kulala ndani ya trela kusiachwe." Prescott akasema, "Mzee Ervin, hilo ndilo lililotuvutia kwenu," akampa mkono. Basi. Kwetu sisi ukishapeana mkono umemaliza, na kumwambia mgeni aliyekula pai yako aliandike ni kumwita mwongo mezani kwako. Mimi nilimkanyaga Ervin mguu chini ya meza. Alisogeza mguu. Mkataba ulikuwa mnene kama biblia ya madhabahuni, ulitaja mpaka nani atamiliki hili jina la Ropp, ila juu ya kulala hapakuwa na neno. Kura ya Ijumaa ilipofutwa, Ervin alikwenda kuwakumbusha, wakamwonyesha sahihi yake. Na sisi kanisani kwetu hatumshitaki mtu. Wao walilijua hilo kabla ya kuonja pai.

Baada ya hapo sikukaa. Lakini Mose alibaki, alikuwa na watoto wengi na hana biashara nyingine. Mnajua mafundi hulipwa kwa trela zilizokamilika, na hesabu ya siku ikitimia wanakwenda nyumbani. Sasa hesabu ikapandishwa, ikapandishwa tena, watu wakawa wanakimbia juu ya paa kama mbuzi. Aliniambia, "Weldon, siku hizi napaka gundi kama mtu anayepaka mkate siagi na farasi wake ameshaondoka." Kisha gundi yenyewe ikabadilishwa ikaletwa ya bei nafuu, mbao za sakafu zikawa nyembamba, skrubu zikapigwa nyundo kama misumari. Mwisho wakahamisha ofisi ya malalamiko, mpaka leo sijui iko wapi, na sidhani kama wenyewe wanajua.

Ndipo mimi na mama yenu tukafungua gereji hapa Wakarusa, kibao kikaandikwa Gereji ya Weldon tu, kwa kuwa jina la ukoo si letu tena, mwanasheria wao alitukumbusha kwa adabu. Mimi ni Ropp kanisani na Ropp kwa daktari, ila barabarani siruhusiwi.

Rhoda, unamkumbuka yule mama wa Ohio, Bi Doreen, dereva wa basi la shule aliyestaafu? Walinunua trela na mumewe, mume akafa kabla ya safari, yeye akasema ataimalizia safari peke yake. Akaja hapa akaniuliza, "Wewe ndiye Ropp?" Nikasema ndimi. "Basi shika," akaniwekea kiganjani kipande cha sakafu, kimeoza, laini kama mkate uliotumbukia kwenye chai. "Kitanda kimezama na mimi juu yake," akasema. "Marehemu alilichagua jina lako. Alisema hawa ni watu wa kanisa."

Nikapiga simu kampuni mbele yake. Muziki ukalia mpaka tukaujua, Bi Doreen akawa anaufuatisha kwa kichwa. Akaja kijana, akauliza jina. Nikasema, "Ropp." Akasema, "Hiyo ni trela, mzee, nauliza jina lako." Nikasema, "Ndilo hilo." Akasema, "Mzee, kuna wateja wanasubiri, kama unataka utani mpigie mjukuu wako." Bi Doreen alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hakuacha. Sakafu ile nilimtengenezea, lakini safari hakwenda. Alisema haamini tena kitu kilicho chini ya miguu yake.

Sasa hao hao wanaitaka gereji. Si kwa sababu inawapa faida. Ni kwa sababu hapa mtu akipiga simu anajibiwa, na akijibiwa anajua kwamba kosa si lake. Gereji ya Lehman kule Goshen walishainunua, leo ukipeleka trela wakati wa maua unaichukua kwenye theluji, na bado inavuja. Mafundi ni wale wale, watu wazuri, wanaona aibu, wanakuja kuniambia kwa kunong'ona.

Galen, uliniambia, "Baba, vipuri hawatuuzii tena, tutakula hayo maadili?" Nimelala na swali hilo na sikupata jibu, na sitakufa nikijifanya ninalo. Una watoto, mgongo wako ni mbovu. Kuendelea hamwezi. Kwa hiyo neno langu ni hili: msiiuze, ifungeni. Zana wapeni watoto wa Mose. Kibao mkitoe, mkipasue, mkichome jikoni. Trela zilizo uani zimalizeni kwanza, hata kama mbao mtazing'oa kwenye sakafu ya chumba hiki, mimi sitakuwa nazihitaji. Waliobaki huko barabarani na trela zao wana jina letu ubavuni, na hapatakuwa na mlango wa kugonga. Najua.

Ervin... Nimejaribu kumsamehe kila Jumapili, na kila Jumapili nakiona kisogo chake kwenye benchi la mbele, nashindwa. Mwambieni aje. Mwacheni abebe jeneza, na magoti yake hayo hayo. Mimi nitajitahidi nisiwe mzito.

Maji kidogo. Basi, yatosha.

Inameni, mkono wangu haufiki. Mungu awalaze pakavu, awape watu watakaoitika mkiita, na siku yenu ya mwisho asikosekane wa kuwaambia ukweli. Amina. Zima... hapana, iache mashine.

Hiyo ni simu ya gereji? Iache ilie. Tumeshasema tunafunga.

Bado inalia. Rhoda, pokea. Mwambie tumefunga. Mwambie mwenyewe amechoka.

Anasemaje... trela ya Ropp? Mpya?

Mwambie... subiri. Muulize maji yanaingilia upande gani.